Akiba ya dharura ya familia: kikoba, SACCOS, benki au mfuko wa UTT?

Usiku mmoja wa Jumatano, mwaka juzi, jirani yangu alimkimbiza mwanawe hospitali akiwa amebanwa na pumzi, na kulipokucha alitakiwa kulipia vipimo, dawa na kitanda. Mama huyo si mtu asiyeweka akiba. Katika kikoba chake alikuwa na hisa za zaidi ya shilingi 900,000, zilizogongwa muhuri moja baada ya nyingine katika kitabu chake cha kijani tangu mwezi wa kwanza. Lakini sanduku la kikoba hufunguliwa Jumamosi, funguo zake tatu ziko kwa watu watatu, na katiba waliyoitunga wenyewe inasema hisa hazitolewi mpaka kikoba kivunjwe, yaani kila mtu agawiwe chake, mwezi wa Desemba. Mwenyekiti aliwapigia wenzake simu, wakakubaliana apewe shilingi 50,000 za mfuko wa jamii, yaani mchango wao wa kusaidiana katika shida, ambao wao huuweka kwenye simu. Zilizopungua alizikopa kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo wa namna ile watu wameuita kausha damu: alichukua 200,000 ili arudishe 260,000 baada ya mwezi mmoja.

Fedha alikuwa nazo, na zilizidi bili yenyewe, ila zilikuwa mahali ambapo mkono wake haukufika. Tangu hapo, kila anayeniuliza aweke wapi akiba ya nyumba yake namwomba aanze kwa kuifikiria siku ya kuitoa, kwa sababu siku ya kuiweka hakuna mahali panapoonekana pabaya.

Kwa familia ya kipato cha kawaida nchini Tanzania, njia zinazogombaniwa mara nyingi ni nne. Ya kwanza ni kikoba, yaani kikundi cha watu wanaofahamiana ambao hununua hisa kila wiki, hukopeshana na hugawana mwisho wa mzunguko. Ya pili ni SACCOS, chama cha ushirika cha akiba na mikopo chenye ofisi, leseni na mkutano mkuu. Ya tatu ni benki, ama kwa akaunti ya kawaida ya akiba, ama kwa akaunti ya muda maalumu inayofungwa kwa miezi kadhaa. Ya nne ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambao hukusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza, kila mmoja akimiliki sehemu yake iitwayo vipande, na hapa nitautumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayoendesha mifuko ya aina hii, kuwa mfano, kwa kuwa ndio ambao wengi huusikia kwanza.

Mambo ya kupima

Nitazipima njia zote nne kwa mambo matano. Kwanza, ukizihitaji fedha leo, zitakufikia lini? Pili, nani anasimamia mahali hapo, na fedha zikipotea nani atalipa? Tatu, unapata faida gani baada ya kutoa gharama zote, pamoja na zile ambazo hazisemwi waziwazi? Nne, je, mahali hapo patakusaidia kuweka akiba hata mwezi ambao hutamani kuweka? Tano, mwenye akiba akifariki, watoto wake wataipataje? Swali hili la tano ndilo linalosahauliwa kuliko yote.

Siku ya kutoa

Hapa kikoba kina udhaifu wake mkubwa, na udhaifu huo umewekwa kwa makusudi. Hisa hufungwa mpaka mwisho wa mzunguko ili kikundi kiwe na fedha za kukopeshana, kwa hiyo anayehitaji fedha katikati ya mwaka hategemei hisa zake. Hutegemea mfuko wa jamii, ambao kwa kawaida hutoa kiasi kidogo kwa ugonjwa au msiba, au huomba mkopo, ambao vikundi vingi hutoa hadi mara tatu ya hisa za mwanachama. Mkopo huo nao husubiri siku ya kikao, na husubiri sanduku liwe na kitu. Mwezi wa Januari, baada ya kikoba kuvunjwa na kuanza upya, sanduku ni tupu kabisa, na huo ndio mwezi wa ada, sare na daftari.

Katika SACCOS, tofautisha vitu vitatu ambavyo wanachama wapya huvichanganya. Hisa ni mtaji wa chama na hazitolewi ovyo. Akiba ni fedha zako, lakini ndizo zinazokudhamini unapokopa, na kwa kawaida hurudishwa ukijitoa uanachama, kwa taarifa ya siku zilizotajwa katika masharti ya chama. Amana ndizo fedha unazoweza kuziweka na kuzitoa. Anayeingia akidhani kila anachokatwa ni amana hushtuka siku ya kwanza anapokwenda dirishani. Vyama vingi, hata hivyo, vina mkopo wa dharura unaotoka haraka kuliko mkopo wa kawaida, na chama kinachoendeshwa vizuri hukutolea ndani ya siku chache.

Akaunti ya kawaida ya benki ndiyo yenye kasi kuliko zote, kwani kwa kadi, wakala au simu unazipata fedha hata usiku wa manane. Akaunti ya muda maalumu unaweza kuivunja kabla ya wakati, lakini utapoteza riba yote au sehemu yake. Mfuko wa Ukwasi haufungi fedha zako, ila unaomba subira kidogo: unauza vipande vyako, na malipo huingia ndani ya siku tatu za kazi. Zingatia maneno hayo, siku za kazi. Ombi la Ijumaa jioni huenda likalipwa katikati ya wiki inayofuata, na mgonjwa wa Ijumaa usiku hana nafasi hiyo.

Usalama na usimamizi

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne. SACCOS zimo katika daraja la tatu na husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo ndiyo inayotoa leseni. Vikoba na vikundi vinavyofanana navyo vimo katika daraja la nne, na husajiliwa kupitia halmashauri. Usajili huo haumaanishi kwamba halmashauri itakulipa fedha zikiibwa. Maana yake ni kwamba kikundi kinatambulika, kina katiba iliyowekwa mahali, na kuna ofisi ya kwenda kulalamika. Kabla ya kujiunga, omba kuona cheti cha kikundi au leseni ya chama kwa macho yako. Kiongozi mwaminifu haoni taabu kukuonyesha.

Ulinzi wa kweli wa kikoba ni watu wenyewe. Aliyewahi kuhudhuria kikao anaujua utaratibu: sanduku linawekwa katikati, wenye funguo wanafungua makufuli matatu mbele ya wote, katibu anaita majina kwa namba, fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufunga kila mwanachama anatakiwa kukumbuka kiasi kilichobaki. Utaratibu huu ulitokana na vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991, na nguvu yake ni kwamba hata asiyejua kusoma anaweza kuukagua. Hatari huja pale vikao vinapofupishwa, mweka hazina anapobeba fedha peke yake kwa kuwa watu wana haraka, na hasa wiki chache kabla ya kuvunja, wakati mikopo yote imerudi na sanduku limejaa. Kikundi kinachoweka fedha zake benki, au katika huduma ya simu inayohitaji idhini ya watu kadhaa kabla ya kutoa, kama M-Koba, hupunguza hatari hiyo kwa sehemu kubwa.

Nisisitize jambo moja hapa, kwa sababu watu wameumia. Kikoba hupata faida kutokana na riba ya mikopo ya wanachama wenyewe. Mahali panapokuahidi faida kwa sababu umeleta watu wapya si kikoba, hata pakiitwa hivyo. Waliopanda mbegu zao, yaani fedha zao, katika upatu wa DECI mpaka uliposimamishwa mwaka 2009 walijifunza tofauti hiyo kwa uchungu.

Benki zina kinga ambayo njia nyingine hazina. Bodi ya Bima ya Amana hulipa fidia benki inapofilisika, na tangu mwaka 2023 kiwango cha juu ni shilingi 7,500,000 kwa kila mteja katika benki moja, kutoka 1,500,000 za awali. Kinga hiyo si ya maandishi tu: Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia benki tano kwa siku moja, na wenye amana ndogo walirudishiwa fedha zao kupitia bodi hiyo, ilhali waliozidi kiwango iliwabidi wasubiri ufilisi. SACCOS haimo katika bima hii. Akiba yako humo hulindwa na ubora wa mikopo iliyotolewa na ukali wa kamati ya usimamizi, kwa hiyo mkutano mkuu unapoitishwa, nenda, na uulize mikopo iliyochelewa ni kiasi gani.

UTT AMIS ni taasisi ya serikali, na mifuko yake husimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mali za mfuko hutunzwa na benki iliyo tofauti na meneja wa mfuko, jambo linalopunguza uwezekano wa mtu mmoja kuondoka nazo. Hata hivyo hakuna anayekuhakikishia faida, na thamani ya kipande, ambayo hutangazwa kila siku ya kazi, hutegemea hati fungani (mikopo ya muda mrefu kwa serikali au kampuni), dhamana za muda mfupi na amana ambazo mfuko umewekeza humo.

Faida na gharama

Watu husema kikoba kinalipa kuliko benki, na kwa anayetazama mgawo wa Desemba ni kweli. Lakini uliza faida hiyo imetoka kwa nani. Chukua mkopo wa shilingi 300,000 wa miezi mitatu katika kikoba kinachotoza asilimia 10 kwa mwezi juu ya kiasi chote. Kila mwezi utalipa riba ya 30,000, na ukimaliza utakuwa umelipa 90,000. Mkopo huo huo katika SACCOS inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, ukirejesha 100,000 kila mwezi, utakugharimu 4,500, kisha 3,000, kisha 1,500, yaani 9,000 tu. Mwanachama anayekopa sana katika kikoba ndiye anayelipa mgawo wa yule asiyekopa, na mara nyingi mkopaji huyo ndiye mwenye hali ngumu zaidi katika kikundi. Vipo vikoba vinavyotoza asilimia 10 kwa mkopo mzima na si kwa kila mwezi, na hapo hesabu hubadilika kabisa, riba ikiwa 30,000. Kwa hiyo swali la kwanza kwa katibu liwe hili: asilimia 10 ya mwezi, au ya mkopo mzima?

SACCOS hulipa gawio la hisa baada ya mkutano mkuu kuidhinisha, na wakati mwingine riba kidogo juu ya akiba. Faida yake kubwa ni mkopo nafuu, si gawio. Asiyetarajia kukopa hata mara moja anapoteza sababu kuu ya kuwa mwanachama.

Akaunti ya kawaida ya benki hulipa riba ndogo sana, na makato ya mwezi yanaweza kuimaliza, hasa kwa mwenye salio dogo. Akaunti ya muda maalumu hulipa zaidi, lakini kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 10 juu ya riba, ambayo benki huikata kabla ya kukulipa. Tuseme umefunga 1,000,000 kwa mwaka mmoja kwa asilimia 8: riba ni 80,000, kodi ni 8,000, nawe unapokea 72,000. Mfuko wa Ukwasi hauna ada ya kuingia wala ya kutoka, huanza kwa shilingi 100,000, na ongezeko la thamani ya kipande hujionyesha kadiri fedha zinavyokaa. Aliyeweka kwa wiki mbili hataona kitu cha kusimulia. Aliyeacha kwa miaka ataiona tofauti.

Kwa msomaji asiyekula riba, ulinganisho huu una sura nyingine. Zipo benki na madirisha ya benki yanayofuata misingi ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza mwaka 2011, ambamo akaunti ya uwekezaji hugawana faida badala ya kulipa riba. Vipo pia vikundi vinavyokopeshana bila ziada yoyote na kupata kipato chao kwa biashara ya pamoja. Usione haya kumuuliza meneja au mwenyekiti fedha zinazalishwaje.

Nidhamu

Katika jambo hili kikoba kinaziacha njia nyingine mbali. Kuna jina lako linalosubiri kuitwa, kuna faini ya kuchelewa, kuna macho ya wenzako thelathini. Nimewaona wauza mbogamboga ambao hawajawahi kumaliza miezi mitatu na akaunti ya benki wakimaliza miaka minne na kikoba bila kukosa wiki. SACCOS ya mahali pa kazi huleta nidhamu kwa njia nyingine: makato hutoka kwenye mshahara kabla hujauona. SACCOS ya mtaani, ambayo hutegemea upeleke fedha mwenyewe, haina nguvu hiyo.

Akaunti ya muda maalumu hukulinda usiguse kilichokwisha kuwekwa, lakini haikulazimishi kuongeza. Mfuko wa Ukwasi na akaunti ya kawaida hukuachia uhuru wote, na uhuru huo ni mzuri kwa anayejiamini. Anayejijua kuwa mkono wake ni mwepesi aweke maagizo ya kudumu benki, fedha zihame siku ileile mshahara unapoingia.

Mwenye akiba akifariki

Kwa benki, familia hutakiwa kufungua mirathi, mara nyingi katika Mahakama ya Mwanzo, msimamizi ateuliwe, ndipo fedha zitoke. Huchukua muda hata pasipo ugomvi. SACCOS huwa na fomu ya kumtaja mrithi unapojiunga, nayo mifuko ya uwekezaji huhitaji kumbukumbu zako zikae sawa ili msimamizi apate pa kuanzia. Katika kikoba kila kitu hutegemea katiba na uaminifu wa wenzako. Kitabu cha hisa kikipotea, na mjane hajui hata siku ya kikao, madai yake huwa dhaifu. Popote ulipoweka, mwenzi wako au mtu mzima mmoja unayemwamini ajue jina la mahali, namba ya uanachama au akaunti, na kitabu kilipo. Jambo hili halihitaji hata shilingi, na nimeona familia mbili zikizungushwa kwa miezi kwa kulikosa.

Nani achague nini

Mwenye kipato cha kila siku, kama mama lishe, dereva wa bodaboda au muuza samaki, ambaye hajawahi kuweza kutunza fedha peke yake, aanze na kikoba, kwa sharti kwamba nje ya kikoba awe na kiasi kidogo cha kushika usiku, kwenye simu au akaunti ya kawaida. Kiasi hicho kiwe cha kutosha nauli, kumwona daktari na vipimo vya kwanza.

Mwajiriwa mwenye SACCOS kazini, anayepanga kujenga au kusomesha na anajua atakopa, hatapata mkopo nafuu kuliko huo kwa urahisi. Ajiunge, lakini akiba anayoiita ya dharura asiiweke yote humo, maana siku atakapokuwa na mkopo, au atakapoombwa kumdhamini mwenzake, akiba hiyo itakuwa imefungwa pamoja na deni.

Aliyepokea fedha nyingi kwa mara moja, baada ya mavuno ya korosho au malipo ya kiinua mgongo, na ana tarehe inayojulikana ya kuzitumia, afikirie akaunti ya muda maalumu inayoiva wiki chache kabla ya tarehe hiyo. Zikizidi kiwango cha bima ya amana, azigawe katika benki mbili. Asiyejua tarehe, na ambaye anaweza kusubiri siku tatu za kazi, Mfuko wa Ukwasi utamfaa zaidi.

Anayelea wazazi wazee au mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu ahesabu kwanza bima ya afya, kwa kuwa akiba ya miaka mitatu inaweza kumalizwa na wiki moja ya kulazwa. Baada ya bima, hitaji lake kubwa ni kasi, kwa hiyo sehemu kubwa ya akiba yake ikae pale panapofikika usiku, hata kama faida ni ndogo.

Wanaotuma fedha nyumbani wakiwa Muscat au Dubai wana shida yao: hawawezi kuhudhuria kikao wala kukagua sanduku. Kikoba cha mbali humtegemea mtu mmoja anayekuwakilisha, na hapo ulinzi wake wote wa macho ya wengi unapotea. Kwao benki au mfuko wenye taarifa wanayoisoma wenyewe ni salama zaidi, na kiasi cha dharura kikae kwa jina la anayebaki na watoto.

Jirani yangu hakuacha kikoba. Alipunguza hisa kutoka tano hadi tatu kwa wiki, na zile shilingi 10,000 zinazobaki huzipeleka kwa wakala wa benki kila Jumatatu kabla hajafungua genge. Mwezi wa Juni mtoto alibanwa tena na pumzi, usiku wa Jumapili, na alilipia dawa kwa kadi.